Msafiri Aliyeukosa Mnazi



Mwezi uliopita nililetewa barua na kijana mmoja wa pwani, niliyemsomesha msahafu alipokuwa mdogo na ambaye sasa, alhamdulillahi, ni mtu mzima mwenye mke na watoto. Baada ya salamu kama ilivyo ada, ameeleza kwamba yeye na jamaa zake, nyumba tatu, wamekusudia kukodi basi dogo wakati wa likizo ya watoto waje huku Nyanda za Juu Kusini kutembea. Ndani ya bahasha ametia karatasi yenye vituo 9 vya siku 6. Karatasi ina safu tatu: jina la mji, kisha KULA, kisha KUTAZAMA. Mikumi watatazama wanyama. Iringa watakwenda Isimila penye zana za mawe za watu wa kale. Mbeya watakula wali wa mchele wa Kyela na kupanda mlima kulitazama Ziwa Ngozi. Tukuyu ni ndizi na Daraja la Mungu. Tunduma ni mpaka na kununua vitu. Baina ya Mbeya na Tunduma limeandikwa jina la Mlowo, ndiko niliko mimi, na katika safu zote mbili limewekwa neno moja tu: "kupita". Chini yake akaongeza, "Maalim, tukipita tutakusalimu kwa simu. Tuangalizie kama tumechagua vyema."

Sikuudhika. Ama, nikisema kweli, niliudhika kidogo, kisha nikaona haya, kwani orodha kama ile nilikwisha kuiona mahali pengine, na aliyeiandika huko ni mwanachuoni mkubwa kuliko mimi. Basi kabla ya kumjibu kijana nilikitoa kitabu cha Ibn Batuta nikaisoma tena sehemu inayokhusu pwani yetu. Haya ninayoyaandika ni uhakiki wa sehemu hiyo. Jawabu la kijana nalo litafuata, maana mambo haya mawili kwangu yamekuwa moja.

Kwa asiyemjua, Ibn Batuta ni Muhammad bin Abdillahi, aliyezaliwa Tanja katika nchi ya Moroko mwaka 1304. Alitoka kwao mwaka 1325 kwa nia ya Hija, kijana wa miaka 21, na asirejee Moroko ila mwaka 1349. Kitabu hakukiandika kwa mkono wake. Alikuwa akisimulia, na katibu Ibn Juzayy akiandika kwa amri ya Sultani wa Fez, hata mwaka 1355 kazi ikesha. Watu wamezoea kukiita Rihla, yaani Safari, lakini jina lake kamili ni refu, na maana yake ni zawadi kwa watazamaji juu ya mageni ya miji na maajabu ya safari. Litazame jina hilo. Limesema "watazamaji" na limesema "miji". Hakikuahidi zaidi ya hapo. Matini yake ya Kiarabu ilichapwa Paris baina ya 1853 na 1858, na sehemu ya Afrika ilifasiriwa kwa Kiingereza na Said Hamdun na Noël King mwaka 1975. Mwanafunzi wa chuoni aliyeipita Ajurumia akakaza moyo hatashindwa na Kiarabu chake.

Kuja kwake pwani yetu kunahisabiwa kuwa ni mwaka 1331. Alitoka Aden kwa jahazi, akafika Zeila, kisha Mogadishu, kisha Mombasa, kisha Kilwa, na kutoka Kilwa akarudi na bahari mpaka Dhofari. Vituo vinne, na kurasa zake ni chache, lakini leo hapana mtu anayeandika tarikhi ya Waswahili asizitegemee. Ndiyo maana zataka kuhakikiwa kwa insafu, na insafu haina maana ya kusifu tu.

Tuanze na Zeila, kwa kuwa ndiko alikokataa kulala. Asema ni mji mkubwa wenye soko kubwa, lakini hapana mji mchafu duniani kama huo wala unaonuka kama huo, na sababu ya uvundo ni wingi wa samaki na damu ya ngamia wanaochinjwa njiani. Bahari ilikuwa chafu usiku ule, lakini yeye na wenziwe wakaona ni kheri kuyumbishwa chomboni kuliko kulala mjini. Nampa haki yake: hakuficha kwamba hakulala. Wangapi leo wanaandika khabari za mji waliouona kwa dirisha la gari, na msomaji hajui! Lakini nani alimpa hukumu ya kusema "mchafu kuliko yote"? Mji unaonuka samaki ni mji wenye wavuvi. Ngamia wanaochinjwa wengi ni dalili ya kuwa kuna watu wengi wanaokula na wengi wanaouza. Mtu wa Kilwa Kivinje au wa Mji wa Kale wa Mombasa akipita sokoni saa ya mashua kurudi haishiki pua, auliza bei. Msafiri wetu alizuiliwa na pua yake asijue lolote jingine la Zeila, na kitabu chake hakikutuambia hata nyama ile ya ngamia ilipikwaje.

Mogadishu ni kinyume cha hayo, na hapa ndipo penye utamu. Asema jahazi likitia nanga vijana huja na mashua, kila mmoja ana sahani ya chakula iliyofunikwa, humpa mmoja katika wafanyi biashara na kusema, "Huyu ni mgeni wangu." Wakamjia yeye pia. Wenziwe wakasema huyu si mfanyi biashara, ni mtu wa elimu. Ikapelekwa khabari kwa kadhi, kadhi akaja yeye mwenyewe ufukweni pamoja na wanafunzi wake, akampeleka kwa sultani, kisha akawekwa katika nyumba ya wanafunzi. Kikaletwa chakula.

Mama msomaji, sikiliza alivyokieleza, uone kama hukijui. Wali uliopikwa kwa samli, umepakuliwa katika sinia kubwa la mti. Juu yake kitoweo cha kuku na nyama na samaki na mboga. Ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, katika chombo chake. Maziwa ya mgando katika chombo kingine, na humo achari ya ndimu, na vishada vya pilipili vilivyotiwa siki na chumvi, na tangawizi mbichi, na embe. Embe aeleza kwamba ni kama tufaha lakini lina kokwa, likiiva ni tamu sana, na likiwa bichi ni kali kama ndimu, hutiwa siki. Na namna ya kula: tonge moja ya wali, kisha kidogo katika zile achari. Imekwisha pita karibu miaka 700, na sinia hilo lingeweza kupakuliwa leo katika nyumba yoyote ya harusi kutoka Lamu hata Lindi na asitokee mtu wa kuuliza hiki ni nini.

Aliletewa chakula hicho mara tatu kwa siku, kwa muda wa siku tatu, na siku ya nne, siku ya Ijumaa, akaletewa nguo akaenda kusali. Ziangalie siku tatu hizo. Hakuzipanga yeye. Ni zile siku tatu za dhifa ambazo Mtume S.A.W. ametufundisha kuwa ni haki ya mgeni, na baada yake ni sadaka. Watu wa Mogadishu walikuwa wakiitimiza Sunna, na msafiri akipata kurasa nzuri za kitabu chake bila ya kujua deni lake. Kwa sababu hiyo nasema sehemu ya Mogadishu ni bora kuliko zote si kwa kuwa chakula kilikuwa bora, bali kwa kuwa yeye hakuchagua. Alichaguliwa. Alikaa pale mwenye nyumba alipomweka, akala alichopewa, akapata muda wa kuangalia hata vile mkono unavyotoka kwenye wali kwenda kwenye achari.

Kuna jambo moja baya katika sehemu hiyo na sitaliruka. Amesema mtu mmoja wa Mogadishu hula kiasi cha watu wengi wa kwao, na kwamba ni watu wanene wenye matumbo. Siku tatu amelishwa, na hayo ndiyo malipo! Imepokewa na Abu Hurayra R.A. kwamba Mtume S.A.W. hakuwa akikitia ila chakula; akikipenda alikila, asipokipenda alikiacha. Ikiwa chakula hakitiwi ila, vipi mlaji aliyekukaribisha?

Sasa Mombasa. Alilala usiku mmoja tu. Katika usiku huo ameandika mistari ambayo mimi naiona ni ya thamani kuliko sinia lote la Mogadishu. Asema watu wa Mombasa ni wa madhehebu ya Shafi, watu wa dini, wenye kujihifadhi na wema. Na kumbuka kwamba yeye mwenyewe ni Maliki, hana haja ya kuwapendelea. Misikiti yao ni ya mbao, imejengwa kwa ustadi. Kwenye kila mlango wa msikiti pana kisima kimoja au viwili, kina chake dhiraa moja au mbili, na maji huchotwa kwa chombo cha mti kilichotiwa kijiti chembamba cha urefu wa dhiraa moja. Pale kisimani pamesakafiwa. Anayetaka kuingia huosha miguu, na mlangoni pana kipande cha mkeka mgumu cha kufutia. Watu wote hutembea miguu mitupu.

Sisi tuliokulia pwani tunakijua chombo hicho. Ni kata. Babu zetu waliifanya kwa kifuu, yeye aliiona ya mti, lakini kijiti ni kile kile na kazi ni ile ile. Hapana mfalme katika khabari hii, wala dhahabu, wala nguo za hariri. Kuna maji, mkeka na miguu. Lakini twawaona watu wenyewe, tena waziwazi, kwa sababu alisimama pale ambapo wao husimama mara tano kila siku.

Na hapo hapo Mombasa ndipo alipokosa jambo kubwa, ambalo kila mwanamke wa pwani atalishangaa. Anahisabu miti ya kisiwa: migomba, milimau, mibalungi. Anataja zambarau, asema ni kama zeituni na kokwa yake ni kama ya zeituni ila ni tamu sana. Asema nafaka hailimwi kisiwani, huletwa kutoka bara, na chakula chao zaidi ni ndizi na samaki. Mnazi hakuutaja. Akaenda Kilwa, hakuutaja. Khalafu akafika Dhofari, na huko akaueleza mnazi kwa urefu na mapana: kichwa chake kama kichwa cha binadamu, nyuzi zake za kushonea vyombo, maziwa yake, mafuta yake, asali yake. Na akasema kwamba mnazi haupatikani ila Bara Hindi na hapo Dhofari, isipokuwa michache katika bustani ya sultani kule Zabidi, Yemen.

Ametoka Mombasa na Kilwa, na asema mnazi haupatikani ila Bara Hindi na Dhofari! Mtu aweza kusema, pengine zama zile pwani haikuwa na minazi. Lakini al-Masudi, aliyesafiri bahari hii mwanzo wa karne ya 10, yaani zaidi ya miaka 400 kabla yake, amekwisha zitaja nazi katika visiwa vya nchi ya Wazanji na kwamba watu wake huzila. Basi minazi ilikuwako. Ni msafiri ndiye asiyeiona, au aliyeiona akaisahau, kwa kuwa baina ya kuona kwake na kusimulia kwake ilipita miaka 24, na huko Bara Hindi maharamia walimnyang'anya mali na maandiko. Hilo ni udhuru na twaukubali.

Lakini mimi nina dhana yangu, na ni dhana tu. Nazi ni kitu kinachojificha. Ndizi waiona ndizi, samaki wamwona kichwa na mkia. Nazi ikishakunwa na kukamuliwa, tui limekwisha ingia katika mchuzi na mgeni hula akasema "kitamu" asijue utamu umetoka wapi. Anayeijua nazi ni yule aliyekaa nyumba ile mpaka asubuhi ya pili, akasikia mbuzi ikikuna nyuma ya nyumba, akauliza, "Mnafanya nini?" Usiku mmoja hautoshi kwa swali hilo. Usiku mmoja unatosha kwa kisima, kwa sababu kisima kiko mlangoni.

Kilwa ndiko kwetu, na wasomaji watanisamehe nikiona uchungu zaidi. Ameisifu kuwa ni katika miji mizuri na iliyojengwa vizuri kabisa, kisha akasema majumba yake yote ni ya mbao na mapaa yake ni ya majani. Lakini Msikiti Mkuu wa Kilwa ni wa mawe, na Husuni Kubwa ni ya mawe, na wachimbuzi wa mambo ya kale, akiwamo Neville Chittick aliyechimba huko katika miaka ya 1960, wameinasibisha Husuni na zama za sultani yule yule aliyempokea Ibn Batuta. Mawe yale yangaliko. Tangu mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Sasa alitazama nini? Alimtazama sultani. Kituo cha Kilwa hakina chakula hata kimoja, na yeye ndiye aliyekumbuka pilipili za Mogadishu. Kurasa zote ni za Abul Mawahib, baba wa vipawa, na ule mkasa wa fakiri wa Kiyemeni aliyemsimamisha sultani akitoka kusali Ijumaa akamwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akaingia nyumba ya khatibu, akazivua, akampa. Fakiri akaenda zake. Kisha nguo zikarejeshwa kwa badali, akalipwa watumwa, akaongezewa watumwa wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisa hiki husomwa kama kisa cha ukarimu, na mimi nimewahi kukisoma hivyo mbele ya wanafunzi. Leo nakisoma nikiwa bara. Kitabu chenyewe kimesema kwamba sultani alikuwa akizishambulia nchi za Wazanji na kuteka, na akitenga khumsi na kuwapa masharifu wanaomjia kutoka Hijazi na Iraki. Ibn Batuta anasifu mgao. Aliokuwa akigawiwa mgeni walikuwa ni watu, wana wa mama zao, na yeye hakuuliza hata mmoja wao jina lake wala ametoka mto gani. Mwandishi aliyekumbuka urefu wa kijiti cha kata! Sisemi hayo kumhukumu aliyekwisha kufa kwa sheria za leo; amali yake iko kwa Mola wake. Nasema kitabu kina shimo mahali hapo, na shimo limetokana na mahali alipochagua kukaa. Mwenye kukaa upande wa mtoaji ataona mkono unaotoa.

Baadaye, mwaka 1352, alifika Mali, na Mansa Sulayman akampelekea zawadi ya ugeni. Alitazamia mavazi na fedha. Ikaja mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe iliyokaangwa, na kibuyu cha maziwa ya mgando. Asema alicheka. Siwezi kumcheka kwa kucheka kwake, na sababu yake naieleza.

Nilipokuja huku mara ya kwanza nilikuwa kijana wa miaka 20 na kitu, nimetoka chuoni na kilemba kipya. Mzee mmoja aliyesilimu si zamani alinikaribisha kwake jioni ya mvua. Mkewe akaleta ugali wa mahindi na maharage na maji ya kunawa. Nikauliza, "Mchele hamna?" Wallahi niliuliza kwa wema, nikidhani hilo ni swali kama maswali mengine. Mzee akamtuma mtoto dukani katika mvua ile, nasi tukangoja karibu saa nzima, ugali ukapoa. Nilikula wali. Baada ya mwaka mmoja, tulipokuwa tumezoeana, mzee aliniambia akicheka kwamba fedha zile zilikuwa za daftari za mtoto. Yeye alicheka, mimi sikupata la kusema. Tangu siku hiyo, nikifika katika ile mikate mitatu ya Mali naifunua kurasa upesi.

Basi turudi katika karatasi ya kijana wangu. Kosa lake si kutaka kula vizuri. Kutembea katika ardhi na kutazama ni jambo tuliloamrishwa katika Qur'ani zaidi ya mara moja, na mke na watoto wana haki ya furaha. Kosa ni zile safu mbili. Mji ukishaandikwa KULA na KUTAZAMA umekwisha amuliwa kabla ya kufikiwa, na usio na kitu katika safu hizo huitwa "kupita". Vituo 9 kwa siku 6, katika barabara ambayo kutoka Dar es Salaam hata kwetu ni karibu kilomita 900, maana yake watalala chomboni kila mahali. Watakula pale dereva atakaposimama, dakika kumi, kuku na chipsi, kama walivyokula Morogoro, na watasali kwa haraka kando ya matairi.

Na mji wa "kupita" una nini? Sitausifu kupita kiasi. Mlowo ni mji wa njiani katika wilaya ya Mbozi, ambayo tangu mwaka 2016 imo katika mkoa mpya wa Songwe. Kuna vumbi, kuna malori ya Zambia yanayonguruma usiku, kuna magunia ya mahindi na maharage. Waislamu si wengi kama pwani. Mgeni wa pwani akipita kwa gari anaona kama Ibn Batuta alivyoiona Zeila, ila sisi tunanuka dizeli badala ya samaki.

Lakini katika wilaya hii hii, kijiji cha Ndolezi, kiko Kimondo, jiwe la chuma lililoshuka kutoka mbinguni, urefu wake kiasi cha mita 3 na uzito wake unakisiwa tani 16. Wenyeji walikijua zamani. Walimwengu wamekijua tangu mwaka 1930. Karibu sehemu 9 katika 10 ni chuma kitupu. Nimewapeleka wanafunzi wangu mara nyingi, na kila mara tumeisoma pale pale aya ya 25 ya Suratul Hadid, nao wakakigusa kwa mkono. Kijana wangu amepanda mlima Ngozi katika karatasi yake na Kimondo hakukiandika, kwa kuwa barabarani hakionekani.

Na kuna kahawa. Hili ndilo linanichekesha. Sisi watu wa pwani twanywa kahawa chungu alasiri na usiku, barazani, harusini na matangani, na kikombe kile ni kama sehemu ya mkono wa mzee. Waulize wale wazee mkahawa una majani gani, wengi hawajauona. Hapa Mbozi umejaa. Mwezi wa Juni, watoto wakiwa likizoni, buni zinawiva nyekundu matawini, na mwenye shamba hamfukuzi mgeni anayeuliza. Ibn Batuta aliinywa nazi asiujue mnazi; nasi kwa kahawa tumo katika hali ile ile.

Nimemjibu hivi. Mwanangu, futa vituo vitano, wala sikuambii vipi. Shauriana na mkeo, kwa sababu yeye ndiye atakayebeba mtoto. Kila kituo kilichobaki kipe usiku mmoja na mchana mmoja, na kimoja kati yao kipe siku tatu. Ukiwa msafiri, una rukhsa ya kukusuru na kujumuisha sala, lakini ukifika mji tafuta kwanza msikiti, kisha uliza pale hoteli ya kula. Utaonyeshwa mahali penye nyama iliyochinjwa kisharia bila ya kumhoji mama lishe mbele ya wateja wake. Ikiwa lazima umuulize, mnunulie chai kwanza, umwamkie, kisha uliza kama mtu anayetaka kujua, si kama askari. Penye shaka kula maharage. Maharage ya huku ni mazuri. Usiulize mchele.

Na zile safu mbili nimezipiga mstari, nikaweka safu moja nyingine: NANI. Morogoro yuko mjomba wa mkeo. Iringa nimemwandikia mwalimu mmoja. Tukuyu sina mtu. Labda utapata huko huko. Mbele ya Mlowo nimelifuta neno "kupita" nikaandika jina langu, na chini yake: fikeni Alkhamisi kabla ya Magharibi, mtalala kwetu, Ijumaa tutasali pamoja, Jumamosi Ndolezi. Msikiti wetu ni mdogo na hauna kisima wala mkeka wa kufutia miguu. Kata hatuna. Kuna pipa mlangoni na kopo la plastiki lililofungwa kamba ili watoto wasilichukue, na maji yake, kwa baridi ya huku mwezi wa Juni, yatakushtua.